Notisi Mlangoni kwa Kavutha

"Una mpaka saa nane," mkuu wa kituo alimwambia Sajenti Winfred Mwendwa. "Saa nane dalali Mbithi anafika na lori, na ile amri inasema polisi wamlinde akitoa vyombo vya huyo mama. Ukinionyesha uhalifu, askari wangu hawatoki hapa. Ukinionyesha machozi, watatoka."

Winfred alilitia faili kwapani akaondoka.

Faili lilikuwa jembamba. Mwenye nyumba alikuwa Bartholomew Musili, mwenye safu ya vyumba vya biashara vinavyotazama barabara ya Thika kwenda Garissa, katika soko la Kithimani. Mpangaji alikuwa Kavutha, mwenye hoteli ya chakula katika chumba cha mwisho. Musili alidai kwamba alimpa notisi ya miezi miwili, kama sheria ya majengo ya biashara inavyotaka. Kavutha alisema hakuiona. Kwa kuwa hakuipinga katika muda uliowekwa, baraza la kodi lilitoa amri ahame. Jana alasiri alikuja kituoni akiwa bado na aproni, akaandikisha malalamiko ambayo yangeweza kukatwa yakabaki neno moja: uwongo.

Nyuma ya malalamiko hayo kulikuwa na kiapo cha msimamizi wa ploti, kijana aliyeitwa Jeff. Aliapa mbele ya wakili kwamba Jumanne, tarehe ishirini na nne Februari, alikwenda hotelini kumkabidhi Kavutha notisi, akakuta pamefungwa, hapana mfanyakazi wala mtu mzima wa nyumbani wa kuipokea. Kwa hiyo akaibandika mlangoni. Picha iliambatanishwa: mlango wa bati wa buluu, kufuli, karatasi nyeupe iliyoshikwa kwa selotepu, na juu yake, kwenye fremu ya mlango, msalaba mdogo wa kijani uliosukwa kwa majani ya mtende.

Kiapo kilikuwa safi. Kama kilikuwa kweli, hapakuwa na kazi ya mpelelezi hapo.

Kavutha alikuwa akipembua maharagwe Winfred alipofika. Hakusimama, ila alisogeza benchi kwa mguu.

"Kaa hapo, mwiitu wakwa," alisema, akimwita binti yake kwa Kikamba. "Umekula?"

"Nimekula, mwaitu," Winfred alijibu, naye akimwita mama. "Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Mikono ina kazi, mdomo hauna."

"Tarehe ishirini na nne Februari, siku ya Jumanne. Ulikuwa wapi?"

"Hiyo siwezi sahau. Nilikuwa Ndithini. Tulikuwa tunazika shangazi."

"Na hoteli?"

"Nilifunga."

"Wasichana wa kazi?"

"Nilienda nao. Nani angechota maji ya watu wa matanga?"

Winfred aliacha kuandika. "Mwaitu, unajua umesema nini sasa hivi?"

"Nimesema ukweli."

"Umesema vile Jeff alisema. Kwamba alikuja akakuta kufuli."

Vidole vya Kavutha vilitulia juu ya ungo. "Kufuli ilikuwa. Karatasi ndiyo haikuwa. Nilirudi jioni ya hiyo siku, nikafungua huu mlango na hii mikono. Hakukuwa na kitu."

"Labda upepo uliing'oa. Sheria haimwambii mwenye nyumba aikalie ailinde. Kama hukupatikana, na akaibandika pahali pa kuonekana, ni kama amekupa mkononi."

"Upepo gani? Upepo wa hapa Kithimani hauwezi kung'oa hata kofia ya mlevi."

Mmoja wa wasichana alicheka jikoni, akanyamaza ghafla.

"Hapa nimeanza Lavender wangu akiwa mgongoni," Kavutha alisema. "Sasa yuko chuo, anasomea uuguzi. Ile meko umeiona? Imejengwa ndani ya sakafu. Haibebwi na lori. Kama ningejua Februari, ningeenda kwa hilo baraza niseme yangu. Ama ningetafuta pengine, pole pole, kama mtu. Sasa natolewa kama mwizi, sufuria zangu zikitazamwa na soko lote."

"Kuna mtu angeweza kuitoa? Mtu wa karibu?"

Kavutha alitazama ukuta wa pembeni. Ng'ambo ya ukuta huo palikuwa na duka la mabati na misumari. "Gikonyo alitaka hiki chumba aweke simiti. Lakini sisemi kitu. Huwa anakula hapa."

Gikonyo alikuwa akikata nondo. Alipoona kitambulisho cha Winfred, alizima mashine na kuvua miwani ya kazi.

"Ulitaka chumba cha Mama Lavender," Winfred alisema.

"Nilikitaka mwaka jana. Mzee Musili akanitoa mbio. Anakipeana kwa mtu wa duka la dawa. Kwani nimeshtakiwa?"

"Bado. Uliwahi kuona karatasi kwa mlango wake?"

Gikonyo alijikuna shingo. "Hiyo kitu sikutaka kuiongea. Huyo mama ni jirani."

"Iongee."

"Nilimwona Jeff. Alikuwa kwa mlango, kumefungwa. Amebandika karatasi, anaipiga picha."

Winfred aliandika polepole. Shahidi wa pili, naye upande wa Jeff. "Una uhakika?"

"Na haya macho. Nikamwita, 'Jeff, niaje!' Hakusikia. Kulikuwa na watu wanaimba kwa barabara, kipaza sauti kiko juu. Halafu akatia karatasi mfukoni, akaenda mbio kama mtu ameiba kuku."

"Karatasi gani hiyo ya mfukoni?"

"Sasa hiyo sijui. Ni karatasi tu."

"Nakala yake, labda. Ilikuwa siku gani?"

"Afande, mimi siku nazijua kwa mauzo. Na hiyo siku sikuuza hata msumari."

Winfred alitoka hapo na rekodi iliyokuwa mbaya kuliko aliyoingia nayo. Mpangaji mwenyewe alikuwa amekiri kwamba alifunga, na jirani alikuwa ameona notisi ikibandikwa. Simu yake ililia.

"Niambie," mkuu wa kituo alisema.

"Bado, afande."

"Mbithi amepiga simu. Amemaliza kupakia watu wake huko Matuu. Anakuja."

Jeff alikuwa nyuma ya ploti, akifagia ua uliokuwa tayari umefagiwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake lilikuwa kubwa kumshinda.

"Naomba simu uliyopigia ile picha," Winfred alimwambia.

"Haiko."

"Iko wapi?"

"Ilianguka kwa choo. Choo cha shimo. Kama unataka naweza kukuonyesha shimo."

"Baadaye. Picha ilitoka aje?"

"Nilikuwa nimeituma kwa cyber, kwa wale wa kompyuta, wanitolee kwa karatasi. Wao walishafuta."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Mwaka wa pili."

"Unakula wapi mchana?"

Ufagio ulisimama. "Kwa Mama Lavender."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Basi Jumanne hukumpata. Jumatano ulikaa mbele yake ukala. Mbona hukumwambia, 'Mama, kuna karatasi niliweka kwa mlango'?"

"Sheria inasema akikosekana unabandika. Nilibandika."

"Umeisoma vizuri. Na hiyo Jumanne ulikula wapi?"

"Mkate na soda. Hapo dukani."

"Ni chakula cha Februari, Jeff. Mimi cha juzi sikikumbuki."

"Hiyo siku naikumbuka. Nilienda kula nikakuta kufuli, ndiyo nikasikia wako matanga."

Winfred alifungua faili na kusoma kiapo tena. "Hapa uliapa kwamba ulienda kumpa notisi."

"Nilienda kwa yote mawili," Jeff alisema haraka, akaanza kufagia upya.

Haikutosha. Mtu anaweza kwenda hotelini na njaa na karatasi kwa pamoja, na wakili yeyote angesema hivyo. Lakini Winfred alikuwa amepata kitu kimoja: siku ile Jeff aliikumbuka kwa sababu ya kufuli. Aliyetaka tarehe ya uwongo, tarehe ambayo mpangaji hawezi kuikana, asingepata nzuri kuliko hiyo.

Alirudi mbele ya hoteli. Alisimama pale alipodhani mpiga picha alisimama, akainua picha mbele ya mlango wenyewe, akalinganisha kitu kimoja baada ya kingine. Mlango ulikuwa uleule, na kufuli lilelile. Selotepu ilikuwa imeacha alama hafifu kwenye rangi ya buluu, pembe nne, safi. Aliipitishia kidole. Karatasi inayong'olewa na upepo huacha vipande vya selotepu nyuma. Hii ilibanduliwa na mtu, kwa uangalifu.

Kisha akatazama juu, kwenye fremu ya mlango.

Msalaba wa mtende ulikuwa pale, umening'inia kwenye msumari. Ulikuwa umekauka, rangi ya majani makavu, ncha zimejikunja. Kwenye picha ulikuwa wa kijani.

"Mwaitu," aliita. "Huu msalaba uliuweka lini?"

Kavutha alitoka akijifuta mikono. "Huo? Ni wa Jumapili ya Matawi. Tulipewa kanisani, nikausuka nikiwa njiani kuja."

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu. Mwishoni mwa Machi."

"Na kabla ya huo kulikuwa na mwingine?"

"Ule wa mwaka jana. Huo ulienda kuchomwa. Si ndiyo inatoa majivu ya Jumatano ya Majivu? Ile ya zamani yote inakusanywa, inarudishwa kanisani."

"Huo wa zamani ulitoka hapa siku gani?"

"Jumapili kabla ya Majivu. Katikati ya Februari hapo."

"Na kutoka hapo mpaka Jumapili ya Matawi, kulikuwa na nini kwa huu msumari?"

"Msumari tu. Kwaresima yote mlango unakaa uchi." Kavutha alimtazama yeye, kisha picha, kisha akafunika mdomo kwa aproni.

Tarehe ishirini na nne Februari ilikuwa juma la kwanza la Kwaresima. Mlango wa picha haukuwa mlango wa siku hiyo.

"Nani aliukusanya?" Winfred aliuliza.

"Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Alipita nyumba kwa nyumba na gunia. Alipanda hapa kwa stuli yangu, akautoa mwenyewe." Kavutha alishusha sauti. "Ni Musili."

Winfred alikimbilia kwa Gikonyo.

"Wale watu waliokuwa wanaimba. Walikuwa wamebeba nini?"

"Si ule msalaba mkubwa wa mbao? Wanapitanga nao wakisimama kila mahali, wanapiga magoti kwa lami, malori yamejipanga."

"Ndiyo maana hukuuza msumari."

Gikonyo alijipiga paja. "Ijumaa Kuu! Mimi nilifungua kwa ukaidi tu. Bibi yangu alinikataza."

"Na ile karatasi ya mfukoni, Gikonyo. Fikiria kabla ya kujibu. Jeff alipoondoka, kwa mlango kulibaki karatasi?"

Gikonyo alifikiria. Mbali barabarani honi ya lori ilisikika.

"Hapana," alisema. "Wanangu walipiga mpira kwa huo mlango jioni yote, nikiwakemea. Hakukuwa na karatasi. Ni hiyo hiyo aliweka kwa mfuko."

Lori la Mbithi liliegeshwa mbele ya hoteli kabla ya saa nane kufika. Wanaume waliruka chini na kamba. Mbithi mwenyewe, mnene, mwenye sauti ya mnada, alishuka na amri mkononi. Nyuma yake gari dogo lilisimama, na Bartholomew Musili akatoka, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile. Watu wa soko walikuwa wameanza kujaa.

"Sajenti," Mbithi alisema, "askari wangu wako wapi?"

"Wanasubiri simu yangu. Mzee Musili, habari yako?"

"Nzuri, binti yangu. Tusikawie. Amri ni amri."

"Kweli. Naomba Jeff aje hapa."

Jeff alikuja akitazama viatu vyake. Winfred alimpa Musili ile picha.

"Mzee, hii ndiyo picha iliyopelekwa kwa baraza?"

"Ndiyo hiyo."

"Ya tarehe ishirini na nne Februari?"

"Imeandikwa hapo."

"Uliitazama?"

"Niliona notisi imebandikwa. Ningetazama nini kingine?"

"Tazama sasa. Juu ya notisi."

Musili alivaa miwani. Alitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akainua uso na kuutazama msumari ulio juu ya mlango, na mkono wake wa kulia ukajikunja kidogo, kama uliokumbuka kushika gunia.

"Wewe ndiye uliutoa," Winfred alisema. "Kabla ya Majivu. Ulipandia stuli ya nani?"

Musili alirudisha macho kwenye picha.

"Mzee, nimekuuliza."

"Ya Kavutha."

"Kwa hiyo tarehe ishirini na nne Februari hapa juu kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakukuwa na kitu." Aligeuka. "Jeff. Nilikupa hii karatasi mwanzo wa Februari. Nikakuuliza, ukaniambia umepeana. Nikakuuliza tena, ukaniambia umepeana."

Jeff alikuwa akivuta mikono ya lile koti.

"Mimi kanisa letu hatuweki misalaba kwa mlango," alisema, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa jingine kabisa. "Sikujua inatolewanga."

"Kwa nini hukumpa?" Winfred aliuliza.

"Nilienda kumpa. Mara nyingi. Naingia na karatasi hapa kwa koti, ananiona, ananipakulia kabla sijasema. Ananiwekea na mboga ya juu. Sasa ningempaje? Nikasema kesho. Kesho inakuwa kesho. Hata siku ya matanga nilikuwa nayo kwa mfuko. Halafu Mzee akaniambia mtu wa dawa anataka kuingia, baraza linataka kiapo na picha. Nikaogopa kufutwa kazi." Alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Ijumaa Kuu nikajua hayuko, ameenda kubeba msalaba. Nikabandika, nikapiga picha, nikabandua. Sikutaka aione akirudi kutoka kanisani."

Kavutha alimsogelea. Wengi walidhani atampiga, na mmoja wa wabebaji wa Mbithi alisogea kando kumpisha.

"Ungeniambia tu, Jeff," alisema. "Ningelia. Halafu ningekupakulia."

Jeff aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Winfred alikuwa tayari kwenye simu. "Afande, kuna kiapo cha uwongo. Amekiri mbele ya mwenye nyumba na soko lote. Notisi haikufika kwa mpangaji, si Februari, si siku nyingine. Ndiyo. Ndiyo, afande." Alikata. "Mheshimiwa Mbithi, askari hawatoki."

"Amri bado iko na muhuri," Mbithi alisema, akiipiga kwa kiganja. "Mimi si mtoto. Baraza halijaifuta. Naweza kutoa vyombo bila askari."

Wanaume wake walishika kamba, wakamtazama. Umati ulisogea hatua moja mbele.

"Kuifuta ni kazi ya baraza, na kesho asubuhi huyu mama atakuwa huko na taarifa yangu," Winfred alisema. Alienda kwenye gari, akarudi na utepe wa polisi. Aliufunga kwenye mwimo wa kushoto wa mlango, akauvusha hadi wa kulia, akaukaza chini ya ule msalaba uliokauka. "Lakini huu mlango, na alama za selotepu zilizo juu yake, na ule msumari, ni vielelezo katika kesi ya jinai. Kuanzia sasa, mtu akiufungua, akipitisha hapo hata kijiko, anaharibu ushahidi. Nitamkamata yeye kwanza, halafu nitaisoma amri yake."

Mbithi aliutazama utepe, akautazama umati, kisha akamgeukia Musili. "Mzee, umeniletea kazi mbovu. Vijana, pandeni."

Musili alibaki amesimama peke yake kando ya gari lake. "Chumba bado ni changu," alisema, bila kumwambia mtu hasa.

"Ni chako," Winfred alimjibu. "Na ukikihitaji, sheria imekupa njia. Fomu ileile, sababu ileile, miezi miwili mizima. Umpe mkononi, akiwa na nafasi ya kukukatalia mbele ya baraza. Kesho kutwa uje kituoni kuandikisha taarifa. Nitakuuliza tena kama kweli hukuitazama hiyo picha."

Musili alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Gari lake liliondoka polepole kuliko lilivyokuja.

Winfred alimweka Jeff kiti cha nyuma cha gari la polisi na kumfunga mkanda. Aliporudi kuchukua faili, Kavutha alikuwa bado mbele ya mlango wake uliofungwa kwa utepe, mikono kiunoni.

"Mwiitu wakwa, umenisaidia, na umenifungia. Maharagwe yako kwa moto. Watu wa mchana wanakuja. Sasa nitauza aje?"

Winfred aliutazama utepe alioufunga mwenyewe, kisha akachungulia pembeni mwa jengo.

"Jikoni kuna mlango wa nyuma?"

"Uko."

"Musili aliwahi kubandika kitu huko?"

"Hapana."

"Basi huo hauna kesi."

Kavutha alizunguka jengo karibu akikimbia, na wasichana wake nyuma yake. Baada ya muda mfupi Gikonyo alipita na bakuli mkononi, wabebaji wawili wa Mbithi wakamfuata, kwa maana lori lilikuwa limekataa kuwaka. Wa mwisho kutokea kona ile alikuwa msichana wa jikoni. Alikuja hadi kwenye gari la polisi akiwa ameshika sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mikono miwili, mboga juu.

"Mama anasema ni ya huyo," alisema, akionyesha kiti cha nyuma kwa kidevu.